Kamera ya Mbwana na Minazi ya Mjomba

Mume wangu, Mbwana Chirau, alikuwa mtu wa kujiamini kupita kiasi, na nilimpenda kwa jambo lile lile lililokuwa likiniudhi. Kazi ya picha alijifunza Mombasa, katika chumba cha giza cha studio moja, na miaka michache baada ya uhuru akaajiriwa na afisi iliyopiga picha za ardhi kutoka angani. Huko ndiko alikoiona filamu iliyomtia wazimu. Ilinasa mwanga ulio nje ya wekundu, ambao jicho la binadamu haliuoni. Katika picha zake majani yenye afya hutoka meupe kama unga wa mchele, na majani yaliyochoka hutoka ya kijivu, hata kama kwa macho bado ni kijani kitupu.

"Mama Esha," aliniambia aliporudi Msambweni kwa likizo, "mti unaweza kuwa mgonjwa na mwenyewe asijue. Filamu inajua."

"Na mke akichoka, filamu inajua?"

Hakunisikia. Alikuwa ameshaanza kupima mbao.

Kamera ya afisini ilikuwa nzito kama gunia la mahindi, na haikuruka ila kwa ndege kubwa iliyotobolewa sakafu. Mbwana alitaka kamera ya kupakata mapajani. Akanunua kamera ndogo nne kuukuu, akazifunga pamoja ndani ya sanduku la mvule, kila moja na kioo chake cha rangi mbele ya lenzi. Moja ione kijani, moja nyekundu, moja buluu, na ya nne ule mwanga uliofichika. Waya za breki za baiskeli alizikutanisha kwenye kishikio kimoja ili zote zipige kwa pamoja, maana zikipishana kidogo tu, picha hazilingani.

Mara ya kwanza ile ya nne ilitoka na ukungu. Akagundua kwamba mwanga ule hukutana mbali kidogo kuliko mwanga wa kawaida, kwa hiyo lenzi lazima isogezwe unywele mmoja. Aliisogeza, akaweka alama kwa wanja wangu. Mara ya pili joto liliiunguza filamu. Akachukua mkebe wangu wa biskuti, sukari akaimwaga kwenye sufuria, akaujaza barafu kutoka kwa wauza samaki. Jiko langu akaliziba kwa mikeka na mablanketi likawa chumba cha giza, nami nikapika nje kwenye mvua ya masika. Maneno niliyomwambia siku hizo siyaandiki hapa.

Afisini walimcheka. Aliacha kazi, akaniambia watamfuata wenyewe. Niliogopa, lakini sikuwahi kumwona yeye akiogopa.

Mwaka wa sabini na moja minazi ya bondeni kwetu ilianza kukauka. Bwana shamba wetu, Mwinga, akatoa amri kwamba minazi yote ya upande wa pwani, kutoka bondeni mpaka msikitini, ikatwe na kuchomwa kabla maradhi hayajaenea. Hiyo ilikuwa nazi yetu, mafuta yetu, makuti ya paa zetu. Mbwana alimwendea.

"Nipe muda kidogo, nikuonyeshe ni ipi inayoumwa. Mizima uiache."

Mwinga hakuwa mtu mbaya, ila alikuwa na hofu. Akakubali. Rubani mmoja wa ndege ndogo pale Diani alimpakia Mbwana na sanduku lake, nami nikasimama uani nikisoma kila dua niliyoijua mpaka mlio ukapotea.

Picha zilitoka safi. Karibu mstari mzima wa pwani ulikuwa mweupe, na bondeni kulikuwa na doa la kijivu, minazi iliyoshikana jirani kwa jirani. Mbwana aliruka kwa furaha. Kisha akatulia. Ndani ya shamba la mjomba wake, Mwinyihaji, minazi mingine nayo ilikuwa ya kijivu.

Mwinyihaji ndiye aliyemlea. Alikuwa mzee wa kanzu iliyopigwa pasi, mkali kwa walevi, asiyepitwa na harusi bila kuwakemea vijana kuhusu tembo. Na kwa desturi yetu ya zamani sisi Wadigo, shamba la mjomba lilikuwa la kumfikia mpwa. Kwa hiyo siku moja lingekuwa la Mbwana.

Mwinga alizitazama picha akasema, "Basi hili shamba nalo ni la kukatwa. Au kamera yako imekosea? Maana ikiwa imekosea hapa, siwezi kuiamini kwingine, na amri yangu ya kwanza inabaki."

"Haikukosea," Mbwana akasema.

Nyumbani alinionyesha. "Tazama bondeni, maradhi yanatoka mti mpaka mti. Kwa mjomba umechoka huu, umeachwa huu, umechoka ule, na yote iliyochoka ni ile iliyo bora. Hapa pana mkono wa mtu. Mgema hupunguza makuti apate nafasi, na kila siku anakinga maji ya mti yawe tembo."

Nilikaa chini. Kwetu hakuna anayepanda mnazi wa mtu bila idhini, kwa hiyo yaliyo kileleni huyajua mwenyewe tu. Lakini sote tulikuwa tumemwona Kalama, mgema kutoka Kombani, akipita alfajiri na baiskeli yake.

Tulikwenda kwa mjomba jioni hiyo. Mimi niliketi ndani na mkewe, nikasikia kila neno.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mpwangu."

"Naomba idhini nipande minazi yako."

"Ukitaka dafu nitakuangushia."

"Sitaki dafu, mjomba. Nataka kujua kinachoichosha."

"Utanivua kanzu mbele za watu, Mbwana?"

"Sitasema neno. Lakini na kusema kamera imekosea, sitasema. Hapo uniwie radhi."

Njiani nilimfokea. "Mwambie bwana shamba inagemwa, yaishe! Shamba lako litakwenda bure!"

"Amenilea. Atasema mwenyewe."

"Na asiposema?"

"Atasema."

Usiku ule sikula.

Asubuhi mashoka yalikuwa shambani na watu wamejaa, hata Kalama na baiskeli yake. Mwinyihaji alikuja na kanzu yake nyeupe, akasimama kando. Mtu wa Mwinga akainua shoka kwenye mnazi wa kwanza. Mbwana hakumtazama mjomba wake. Alitazama chini, na kwa mara ya kwanza tangu anioe nilimwona akiogopa.

"Weka shoka," mzee akasema. "Mnazi huo hauumwi. Unagemwa. Ninauza tembo kwa wajenzi wa mahoteli." Akageuka. "Kalama, panda, uwaonyeshe."

Kalama alishuka na kibuyu cha tembo. Nilidhani watu watacheka, lakini hakuna aliyecheka. Mwinga aliitazama tena picha, akaupima mti kwa macho, kisha akawaelekeza watu wake bondeni. Bonde lilikatwa. Mstari wetu umesimama hadi leo.

Ijumaa mzee alijifungia ndani kwa aibu. Mbwana alimfuata, akamshika mkono, wakaenda msikitini pamoja, wakaketi safu ya mbele. Kalama hakupita tena, na mzee hakukemea tena harusini.

Mwaka uliofuata redio ilitangaza kwamba Wamarekani wamerusha chombo cha kuizunguka dunia, chenye macho ya kuona hata mwanga ule uliofichika. Mbwana alikunywa kahawa yake akasema wamechelewa, yeye amewatangulia.

Mzee Mwinyihaji aliisogelea redio. "Hicho kitapita na huku kwetu?"

"Kitapita, mjomba. Kila mahali."

"Na shamba langu kitaliona?"

"Kitaliona."

Mzee alinyoosha kikombe nimwongeze.

"Basi na kipite," akasema.