Jina la Mutua liliteleza mpaka nje ya geti: wanaoweka maandishi ya 3D kwa video, someni

Wakuu, sasa. Wale wa kamera, wale wa kuedit, na wale mnapita tu kusoma vita za watu, karibuni nyote.

Hii kitu imenipata mimi mwenyewe na siongezi chumvi. Naandika nikiwa bado na hasira, kwa hivyo mtu asiniambie nikunywe maji. Maji nimekunywa.

Mimi ni mama wa mtoto mmoja, Neema, ndio ameanza kutembea. Tunaishi Kabiria. Nilimaliza fom four, college ikakataa, nikajifunza kuedit kwa video za bure kwa simu. Saa hii nafanya kazi kwa studio ndogo huko tao. Chini yetu wanauza mapazia. Sisi tunafanya harusi, ruracio ile ya kupeleka mahari, mazishi na maombi ya shukrani.

Boss tunamwita Dairekta. Yeye hushika kamera, mimi hukaa kwa kompyuta.

Sasa ikakuja kazi ya mtaa wa Woodley.

Kuna mama mzee anaitwa Mama Mutua. Amekaa kwa hiyo nyumba ya kanjo, zile za serikali ya jiji, tangu aolewe, na sasa alikuwa anahama kabisa, anarudi kwao Machakos. Watoto wake wakasema kabla atoke wafanye maombi pale nyumbani na warekodi video.

Mama mwenyewe aliomba kitu moja tu.

Mutua, kifungua mimba wake, alikufa akiwa darasa la tatu. Aliugua. Hakuna picha yake nzuri imebaki. Kwa hivyo mama alitaka jina lake lisimame pale mlangoni, herufi nene, kama kitu iko hapo kweli. Kamera ikiingia kutoka kwa geti, Mutua awe anangoja mlangoni.

Wale hawajui, hiyo si kama kuandika jina chini ya screen. Kamera inatembea, lakini jina linafaa kukaa palepale, kama ndoo mtu ameweka chini. Ukikaribia linakua. Ukipita kando unaliona ubavu.

Ili ifanyike hivyo, software inaangalia video yote ikitafuta vidoti vya kushika. Doa, ufa, msumari, kona ya jiwe. Inavifuata picha kwa picha mpaka inajua kamera ilikuwa wapi kila saa. Hiyo ndiyo tracking. Ikikosa kitu ya kushika, inabahatisha.

Sasa mnajua vile sisi watu wa hapa tuko. Wageni wakikuja, hata kama unahama kesho, lazima nyumba ing'are.

Kijana wa huyo mama, anaitwa Kioko, ni mtu wa ofisi, alileta fundi wa rangi. Ukuta wote wa mbele ukapigwa krimu. Hakuna doa. Hakuna ufa. Safi kama sahani ya wageni.

Juu ya hiyo, wakasimamisha hema na utepe zinapepea kila mahali.

Kwa hivyo nilipoweka hiyo video kwa kompyuta, software ilifanya nini? Iliruka ukuta, ikashika hema. Ikashika utepe. Ikashika kofia ya pasta aliyeongoza maombi. Vitu zinasonga! Nikafuta hizo vidoti zote, na nilipomaliza kufuta hakukuwa na kitu imebaki.

Nikamwambia Dairekta, "Hii haitashika. Turudi tushoot tena hema ikitoka."

Akaniambia, "Weka tu. Hao ni wazee, nani ataona?"

Nikaanza kulisogeza jina kwa mkono, picha moja moja. Hiyo kazi inaweza kukutoa machozi. Sikuwa nimefika hata nusu, saa ya kuchukua Neema kwa mama anayemlinda ikafika. Nikamwambia Dairekta haijaisha. Nikaenda.

Wakuu, huyo mtu aliituma hivyo.

Kesho yake niko studio, Neema kwa kiuno kwa sababu mama wa kumlinda alikuwa mgonjwa. Simu ya Dairekta ikalia. Ni Kioko. Akaweka loudspeaker.

"Mwaitu analia," Kioko akasema, ndio kumaanisha mamake kwa Kikamba. "Mmefanya nini?"

Halafu nikasikia sauti ya mama nyuma yake. "Kwani mnampeleka wapi? Mbona mmemtoa nje?"

Nikafungua ile video. Jina linaanza mlangoni vizuri. Halafu linaanza kuteleza. Linafuata ukuta, linapita dirisha, linavuka ua polepole, linatoka kwa geti. Mtoto wake. Mbele ya macho yake. Anatoka nyumbani.

Na Dairekta akasema nini? "Pole sana mama, ni huyu msichana wa editing, bado anajifunza."

Mimi nikiwa nimesimama hapo! Na mtoto wangu kwa kiuno!

Nilimnyang'anya hiyo simu. Nikasema, "Mama, mimi ndio naedit. Hiyo video ilitumwa kabla iishe na nilimwambia boss haijaisha. Lori inakuja lini?"

"Jumamosi."

"Nakuja Ijumaa."

Dairekta akasema kamera yake haitoki. Nikamwambia akae nayo, nitatumia simu.

Ijumaa nikashuka matatu stage ya Adams, nikaingia Woodley kwa miguu, Neema mgongoni na leso. Hema ilikuwa imetoka. Vitu zilikuwa zimefungwa kwa maboksi. Kioko alikuwa kwa geti, mikono kwa mfuko.

"Wewe ndio yule msichana?"

"Mimi ndio yule mama," nikamjibu.

Nikamweleza shida ni ukuta, ni safi sana, mashine haina mahali pa kushika. Akacheka ile kucheka ya dharau. "Unataka nimwambie mamangu shida ni usafi?"

Nikatoa tape nyeusi nikaanza kubandika vipande ukutani niwe na alama. Kumbe rangi haikuwa imekauka vizuri. Nikirekebisha kipande kimoja, rangi ikatoka nacho.

"Ona! Unatuharibia ukuta!"

"Mama anahama, Kioko! Huu ukuta mnaupeleka Machakos?"

Hapo ndipo Mama Mutua alitoka jikoni, mwiko kwa mkono. Mama wa mwili mdogo hivi, kitambaa kwa kichwa. "Ni nini?"

Nikamwambia pole pole, bila maneno ya kompyuta. "Shosho, hii mashine inataka alama kwa ukuta. Kitu haisongi. Ikiona alama, inajua mlango uko wapi, na jina linakaa. Ikikosa, jina linapotea."

Aliangalia ukuta.

"Alama zilikuwa," akasema. Akamgeukia Kioko. "Zilikuwa hapa. Ni wewe umezipaka rangi."

Akarudi jikoni. Akatoka na kipande cha makaa.

Wakuu, alisimama kando ya mlango, akapima na kiganja kutoka chini, akachora mstari mweusi kwa hiyo krimu mpya.

"Mutua, kabla aanze nasari."

Mkono ukapanda juu kidogo. "Mutua, nasari." Mstari mwingine. "Hapa alikuwa ametoka hospitali, hakuwa ameongeza sana." Mwingine. "Darasa la tatu."

Mkono ulikaa tu kwa ukuta.

Halafu akahama upande ule mwingine wa mlango. "Na huyu ni wewe, Kioko. Ulikuwa unasimama na vidole ndio uonekane mrefu. Mwizi."

Kioko akacheka. Halafu akaacha kucheka. Halafu akafuta macho na mkono wa shati, akachukua makaa kwa mamake.

"Hapa ndio baiskeli ilikuwa inaegemea," akasema, akachora. "Hapa mpira ulitoa plasta." Akachora. "Na ule ufa wa dirisha, Mwaitu, si ulikuwa unapinda hivi?"

"Zaidi. Pinda zaidi."

Wakachafua huo ukuta wote. Mtu na mamake. Mimi nilikuwa nimeshika mtoto tu.

Nikashoot. Neema nikamwachia shosho. Viwiko kwa mbavu, hatua ndogo ndogo, bila zoom, kutoka kwa geti mpaka mlangoni. Nikarudi studio.

Software ilishika kila mstari wa makaa kama gundi.

Nikasimamisha jina kwa kizingiti. Nikaweka kivuli kilale upande ule vivuli vingine vimelala, maana bila kivuli herufi zinaelea kama zimepotea njia. Na urefu nikabadilisha. Mara ya kwanza herufi zilikuwa zinafika juu ya mlango. Sasa nikazishusha mpaka ule mstari wa darasa la tatu.

Jumamosi niliwapata lori imejaa. Mama Mutua alishika simu ya Kioko karibu na uso. Kamera ikaingia kwa geti. Mutua alikuwa mlangoni. Kamera ikakaribia, ikapita kando, ikageuka.

"Hajatoka," akasema.

"Hatoki, shosho."

"Rudisha nione tena."

Aliangalia mpaka dereva akapiga honi.

Sasa somo langu. Kama unaenda kushoot mahali na utaweka maandishi ya 3D, waambie wenye nyumba wasipake rangi. Ule uchafu wanaona aibu nao ndio utakushikia kazi. Vitu zinapepea, toa. Na usikubali mtu atume kazi yako kabla useme imeisha, halafu akutupie lawama mbele ya mteja. Jumatatu nilimwambia Dairekta hivyo mbele ya kila mtu. Sasa ameweka hiyo clip kwa page ya studio, eti "kazi yetu". Hiyo ndiyo sababu bado nina hasira.

Waliowahi kupambana na ukuta mtupu, mlishika na nini? Tuambiane hapa chini. Na wewe unakuja kusema kuna app ya kufanya hii yote kwa click moja, kuja tu, niko.

Kabla mtu aulize: hapana, sikufuta makaa kwa video. Kioko aliniuliza kama naweza. Mamake alimwangalia tu.