Waridi la Neema na maji yangu ya kuoga

Jamani, leo mwanangu kanivua nguo mbele ya watu.

Neema wangu kaleta waridi kwenye mashindano ya maua, maonyesho ya hapa Kitangari. Limechanua hilo, hakuna la kulifikia, na sisemi hivyo kwa kuwa ni mwanangu.

Jaji akamuuliza, "Huku maji ni shida. Wewe unalimwagilia maji gani?"

"Maji anayoogea mama kwenye beseni."

Uwanja mzima ukacheka. Jaji hakucheka, akaandika maneno mengi.

Matokeo saa kumi. Nakaa, nasimama, nimezunguka uwanja mara tatu. Ndugu zangu mlioko Masasi, niombeeni nitulie.

Mama Zuhura, jirani yangu, kaniuliza, "Mama Neema, leo umeoga kweli?"

Nikamwambia, "Nimeoga mara mbili. Mwanangu ana mashindano."