Debe Tupu Kichwani

Matrah tuliyoikuta mwaka sitini na nne ilikuwa na kazi moja tu ya heshima, nayo ni kukaa. Wanaume walikaa barazani tangu asubuhi mpaka jua liwasogeze upande wa pili wa uchochoro, na huko nako wakakaa. Wakimwona mtu anatembea haraka humwuliza nani kafa. Mie nilikuwa msichana wa miaka kumi na tatu, nimetoka Unguja na wazazi wangu na mdogo wangu wa kike, tumevuka bahari kukimbia yaliyotukimbiza. Nnakwambia kweli, siku ya kwanza nilipoutazama mtaa ule nilisema moyoni: loo, huku ndiko babu zetu walikokuwa wakikusifu?

Uchochoro wetu ulikuwa mwembamba hata punda akipita na mizigo watu hujibanza ukutani. Nyuma ya nyumba jabali, mbele jabali, na katikati macho ya watu. Kiwanja hakuna. Wavulana wakijaribu kupiga mpira, mzee mmoja wa barazani huudaka, akautia chini ya makalio yake na kuukalia mpaka magharibi. Hiyo ndiyo kazi pekee niliyopata kumwona akiifanya.

Wasichana ndio usiseme. Kutoka bila haja ni aibu, kukimbia ni aibu kubwa, na kucheka huku unakimbia, toba! Baba, ambaye Unguja alikuwa akisimama dirishani kutushangilia, alibadilika. "Hapa sie wageni," alituambia. "Nikisikia neno moja la mtaani juu yenu, mlango huu hamuuvuki mpaka mwolewe." Ukipita kwa wenye chongo, fumba lako jicho. Baba alifumba yote mawili.

Aliyeumia ni mdogo wangu. Unguja alikuwa hashikiki. Katika nage, ule mchezo wetu wa kuukwepa mpira unaorushwa kutoka huku na huku, hakuna aliyeweza kumpiga. Matrah akawa analala mchana kutwa, anaamka kalegea, chakula hataki, akipanda ngazi za darini anashika ukuta. Mama alidhani ni hasadi, akamsomea na kumfukiza ubani. Hasadi ya nini, jamani? Nani wa kumhusudu mtoto aliyefungiwa ndani kama kuku anayeatamia? Mtoto hakuwa na pa kukimbilia, basi.

Mambo yaligeuka pale mwanamke aliyekuwa akituletea maji aliporudi kwao Darsait, nasi hatukuwa na uwezo wa kuweka mwengine. Mama alilia kweli kweli. Unguja tulikuwa na mfereji uani. Hapa binti zake wabebe madebe mpaka kisima cha nje ya lango la mji, kazi ambayo wenye majina yao waliwaachia vijakazi. Lakini maji hayaji kwa machozi.

Tukabeba. Na siku ile ile nikagundua jambo. Tulipita mbele ya baraza, madebe matupu kichwani, na hakuna aliyegeuka. Wazee wale wale waliokuwa wakijua kila binti aliyechungulia dirishani hawakutuona. Kwao msichana mwenye debe si binti wa mtu, ni chombo cha kuletea maji. Walitudharau hata wakaona taabu kututazama. Nikamnong'oneza mdogo wangu, "Weye, hawa hawatuoni!" Akanijibu, "Basi twende mbio." Tukaenda mbio, madebe mikononi yanagongana, na wale wakadhani tunawahi zamu kisimani.

Nyuma ya kisima palikuwa na bonde kavu la mchanga, pana, halina dirisha hata moja juu yake. Wasichana wengine wa Unguja waliokuja kama sie walikuwapo, nao na madebe yao. Tulifunga mpira wa matambara, tukacheza nage kila siku kabla ya kuteka maji. Mdogo wangu alirudi kuwa mwenyewe. Alikula mpaka mama akawa anaficha mikate, na ubani ukapata sifa zote. Tulimwachia mama furaha yake.

Leo wajukuu zangu wanaokaa Bawshar wanapanda gari kwenda kutembea juu ya mashine, kisha wanarudi kunieleza mie faida za mazoezi.

Siku moja jirani wa mlango wa pili, mwanamke ambaye hata kuuvuka uchochoro huhema, alikuja kwa mama. Nilipomwona anakaa nilijua tumekwisha, katuona bondeni. Nikajibanza nyuma ya pazia, mdogo wangu kaniganda mkono. Kumbe hakuja kwa hilo. "Dada yangu," alisema, "roho yaniuma. Binti zako wazuri wale wanabeba maji kama vijakazi. Watu wanasema baba yao hajiwezi." Huruma ya mtu asiyejua hata lango la mji liko wapi! Heri angetutukana.

Mama alimfikishia baba. Wakati ule baba alikuwa keshapata ukarani kwa mfanyabiashara mmoja, na neno lile lilimchoma. Baada ya siku chache akarudi mchana, uso unang'aa, nyuma yake mchota maji na punda aliyebeba viriba. "Haya wanangu," akasema, "mateso yamekwisha. Huyu atakuja kila asubuhi. Nyie kaeni, mpumzike."

Mama akapiga kigelegele. Mdogo wangu akanitazama mie. Nikasema, "Baba, wallahi sie hatuchoki. Twapenda kukusaidia." Machozi yakamlengalenga, akamgeukia mama. "Umesikia? Malezi hayo!" Nikimwambia kweli, mlango unafungwa; nikinyamaza, unafungwa vile vile. Nikambusu mkono. Hasira ya siku ile sijaimaliza mpaka leo, na si juu yake, ni juu ya mtaa mzima uliomfundisha kwamba heshima ya binti ni kutonyanyua mguu. Jioni wazee wa barazani walimsogelea baba wakampa nafasi. Akakaa nao.

Nasi tulikaa ndani miaka. Mwaka sabini shule ya wasichana ilipofunguliwa, tuliingia wakubwa kwa wadogo, darasa moja. Shule ilikuwa na ua mpana. Mwalimu, mgeni kutoka nje, alituambia tukimbie mpaka ukutani turudi. Mdogo wangu, msichana wa miaka kumi na tano, alifika nusu, akashika ubavu, akarudi taratibu huku anahema na kucheka kwa haya.

"Samahani, mwalimu," alisema. "Mie kukimbia sikuzoea tangu utotoni."

Mwalimu akamwamini.