Watahini wa Wodi ya Wanawake

Njia ya kuwa daktari bingwa siku zile ilikuwa moja, na sote tuliijua. Ulimaliza shahada, ukafanya mwaka wa mazoezi chini ya wakubwa, kisha serikali ikakupeleka wilayani. Huko ulikaa hadi wizara ikuone umeiva, ndipo urudi chuo kikuu Nairobi kusomea ubingwa. Mimi nilitaka magonjwa ya ndani: moyo, mapafu, ini, yale ambayo daktari huyatafuta kwa macho, vidole na masikio kabla ya kugusa dawa. Wenzangu walipelekwa Thika na Nyeri. Mimi nilipewa Isiolo. Mama alipopata habari aliniuliza kama kuna mtu niliyemkosea.

Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, na mvua ilikuwa imekataa. Magari ya kwenda kaskazini yalijipanga kwenye kizuizi cha barabarani yakingoja askari wa kuyasindikiza. Upepo ulipiga mabati ya wodi tangu asubuhi, hata tukazoea kusema kwa sauti ya juu bila kujijua. Hospitali yetu ilikuwa ndogo. Madaktari tulikuwa wawili tu, mimi na mkubwa wangu.

Mkubwa wangu alikuwa mwanamume mrefu, mpole, aliyefunga tai hata jua likiwaka namna gani. Alikuwa amenitangulia kwenye njia ile ile. Alikwenda Nairobi, akapita sehemu ya kwanza ya ubingwa kwa sifa, kisha akaanguka mtihani wa mwisho. Akarudia, akaanguka tena. Wizara ikamrudisha wilayani. Haya aliniambia mwenyewe siku ya kwanza, akicheka kidogo, kama mtu anayekuonyesha kovu.

"Watahini husimama miguuni pa mgonjwa," alisema. "Hawasemi neno. Wewe unaeleza hali ya mgonjwa, wao wanakutazama tu. Ukiweza kuustahimili ule ukimya, umepita."

"Na wewe?"

"Mimi niliusikiliza mno."

Sijapata mwalimu mwingine kama yeye. Alinifundisha kumsoma mtu kuanzia kucha, kupanda polepole hadi shingoni, kugonga kifua kwa kidole na kusikia maji yanapoanzia. Nilimshukuru Mungu kwa kunileta Isiolo. Niliona nitafika Nairobi nusu ya kazi nikiwa nimeimaliza.

Kisha siku moja kwenye wodi ya wanawake, akieleza hali ya mgonjwa wa ini, alisema, "Kama mnavyoona, mabwana." Niligeuka kutazama nyuma. Hapakuwa na mabwana. Tulikuwa mimi, sista na mgonjwa. Macho yake yalikuwa yametua miguuni pa mgonjwa, mahali patupu, na alikuwa akisubiri. Alisubiri kwa adabu, akaitikia kwa kichwa, akaendelea.

Sista wa wodi, mama wa Kimeru aliyekuwa pale kabla yetu sote, alinivuta kando.

"Usimkatize, Daktari. Ukimkatiza anaanza upya."

"Alianza lini?"

"Tangu arudi. Lakini zamani lilikuwa neno moja moja. Sasa imekuwa hotuba."

Raundi zetu za kupitia wagonjwa zikarefuka. Ile iliyokuwa ikiisha kabla ya saa nne ikawa inatukutanisha na adhuhuri. Wagonjwa hawakulalamika, waliona ni heshima kuangaliwa hivyo. Nilipiga simu kwa wakubwa wa mkoa, wakaniuliza ni kosa gani amefanya. Hakuwa amekosea hata mara moja. Kila alichosema juu ya mgonjwa kilikuwa kweli. Wakasema hawana mtu wa kumbadilisha, nivumilie.

Nikajaribu kuongea naye mwenyewe. "Daktari, umechoka. Chukua likizo kidogo."

Alinitazama kwa mshangao wa kweli. "Likizo? Na mtihani je?"

Lililonitisha zaidi lilinipata nyumbani kwangu. Nilikuwa nikiosha vikombe asubuhi, nikasikia mtu akisema, "Mwanamke kijana, mwenye afya ya wastani, kucha zake hazina dalili." Sauti ilikuwa yangu. Niliweka kikombe chini taratibu, nikatoka nje nikasimama juani mpaka mikono ilipokauka.

Mwezi ule ule, Mturkana mmoja wa Ngaremara alimleta mkewe juu ya lori la mchanga.

"Bibi yangu hapana lala," aliniambia. "Anakaa tu, usiku, mchana, kama mtu anangoja gari. Akilala anazama."

Alikuwa mama wa umri mdogo. Miguu ilikuwa imevimba, na mishipa ya shingo ilisimama ingawa alikuwa amekaa wima. Nilimshika mkono. Kila alipovuta pumzi, mpigo wa mshipa ulipotea chini ya vidole vyangu. Nilituma mtu amwite mkubwa, kwa sababu Isiolo nzima hapakuwa na aliyejua kumzidi.

Alikuja, akapiga goti, akamshika mama yule mkono. Uso wake ukang'aa.

"Mabwana," alianza.

Alieleza vizuri kuliko siku zote. Maji yamejaa kwenye mfuko unaozunguka moyo. Moyo umebanwa, hauna nafasi ya kufunguka. Chanzo, yumkini, ni kifua kikuu. Kweli tupu. Kisha akaanza kutaja magonjwa mengine yanayofanana na hilo, moja baada ya jingine, na sababu za kuyakataa. Midomo ya mama yule ikawa rangi ya jivu. Mwanzoni alikuwa amemshika mumewe mkono. Sasa mume ndiye aliyemshika.

"Daktari, sindano ya kuvuta maji," nilisema.

"Hatujafika kwenye matibabu."

"Anakufa!"

Aliniinamia akaninong'oneza kwa upole, kama mwanafunzi anayemsaidia mwenzake. "Wanataka dalili kwanza. Ukiruka hatua, wanakata alama."

Sista alikuwa tayari amesogeza trei. Kazi ile nilikuwa nimeiona ikifanywa wakati wa mazoezi. Mkono wangu haukuwa umeifanya. Niliingiza sindano ndefu chini ya mfupa wa kifua, nikaielekeza bega la kushoto. Nyuma yangu sauti yake iliendelea, tulivu, ikitaja ini liko wapi, pafu limeishia wapi, moyo unaanzia wapi. Hakuwa akiniambia mimi. Lakini niliifuata sauti ile, inchi kwa inchi, mpaka bomba la sindano likajaa maji mekundu yaliyochafuka.

Nilivuta, nikamwaga, nikavuta tena. Mama alikohoa. Akavuta pumzi ndefu, akasema neno kwa Kiturkana.

"Anataka maji," mumewe alisema, akaanza kulia.

Hapo ndipo nilipogundua kwamba sauti nyuma yangu imekoma. Mkubwa alikuwa amesimama, tai imelowa jasho, akitazama mlangoni.

"Wametoka," alisema. Akanigeukia. "Wamesemaje?"

Sista ndiye aliyeweka trei chini akamwendea.

"Wamesema umefanya vizuri, Daktari. Wamesema ukapumzike sasa."

Mkubwa akamwachia amvue koti jeupe, mkono mmoja kwanza, kisha wa pili.

Ndugu yake alikuja kumchukua wiki hiyo. Alitibiwa Nairobi muda mrefu, akapona kiasi cha kufundisha matabibu katika mji mwingine, na waliopita mikononi mwake humtaja kwa upendo. Yule mama wa Ngaremara alichomwa sindano za kifua kikuu kwa miezi, mwishowe akawa anakuja kwa miguu yake.

Mimi nilipata nafasi yangu chuo kikuu. Nilipita mtihani wa mwisho mara ya pili. Mara ya kwanza nilianguka, na kwa kuwa Isiolo haikuwa na daktari, nikarudishwa huko kungoja kurudia.

Asubuhi ya kwanza ya kurudi, nilipoingia wodi ya wanawake, sista alisimama upande wa pili wa kitanda. Hakumtazama mgonjwa. Alitazama midomo yangu. Nilimuuliza mgonjwa amelalaje, nikamsikiliza moyo, nikaandika dawa, nikasogea kitanda cha pili, kisha cha tatu. Macho yangu niliyashikilia kwenye nyuso za wagonjwa. Sikuyapeleka miguuni pao hata mara moja, maana nilihisi wale mabwana wako pale, wamenyamaza, wananingoja nianze.

Tulipomaliza kitanda cha mwisho, sista alishusha pumzi.

"Chai iko tayari, Daktari," alisema. "Twende kabla haijapoa."