Mtoto wa Mjerumani Hahami

Jamaa zetu waliponiambia nimtafutie baba yangu kwao, niliwacheka. Baba amepita miaka themanini, na kwao ni hapa nje ya Webuye, katika shamba la babu yake mzaa mama. Lakini wajukuu wengine wa babu huyo wanakitaka kipande chake. Hoja yao ni fupi: alizaliwa na Mjerumani, basi awaachie shamba, aende kwa Wajerumani.

Hilo la Mjerumani halijawahi kuwa siri. Nyanya, mama yake Baba, alikuwa akimpikia mlowezi mmoja karibu na mji mdogo wa Kwanza, upande wa Kitale. Vita vya Pili vya Dunia vilipoanza, serikali ya mkoloni ikamkamata mlowezi huyo kwa sababu ya taifa lake, na Nyanya akarudi kwa babake na mtoto mgongoni. Mzungu hakuonekana tena.

Nilienda Kitale, alikobatizwa Baba, kwa hasira. Wakitaka Wajerumani, nitawaletea Wajerumani! Karani wa parokia alinifungulia kitabu cha ubatizo kilichoandikwa Kilatini, akanisaidia kusoma. Watoto kadhaa katika ukurasa ule walipigiwa mstari tu mahali pa jina la baba. Baba yangu alikuwa na jina kamili la babake na mji alikotoka. Padri aliyembatiza aliandika bila kuona haya, na mimi sioni haya.

Niliandikia kanisa la mji huo. Wakapekua vitabu vyao vya ubatizo, wakapata ndugu za yule mlowezi, na mwishowe mjukuu wa ndugu yake mmoja akaniandikia mwenyewe. Alituma picha ya kijana amesimama kando ya farasi. Masikio yalikuwa ya Baba, yametokeza vilevile. Nililia. Kwa nini nisilie? Ni damu yangu.

Sikuficha kitu. Siku ya kikao cha kuamua shamba, mbele ya naibu wa chifu, niliwapa jamaa ile barua pepe waisome wenyewe. Binamu yake Baba, anayeongoza mambo yote haya, aliisoma kwa sauti huku anatabasamu.

"Si mmesikia? Ana kwao, bana. Ati ndugu, ati kanisa, kila kitu iko. Sasa anangoja nini hapa?"

"Na wewe una ndugu Nairobi," nikamwambia. "Mbona hujahama?"

Watu wakacheka. Naibu wa chifu akaniambia wanawake wangoje zamu yao. Sikungoja. Nilisema Baba alitahiriwa hapa, uani kwa babu yake, amepakwa tope la mto huu huu, na hakuna mgeni anayesimamishwa pale kukabili kisu.

"Usituambie ya kisu," binamu akajibu. "Walisimama pamoja na khocha wake, mjomba wake, na mjomba ndiye hutangulia kutahiriwa. Huyu akapiga kelele ati aanzwe yeye. Kila mtu anajua. Hiyo ni kiburi ya Wazungu."

Kweli kila mtu anajua. Nimesimangwa kwa kisa hicho tangu utotoni, na Baba hajawahi kujitetea hata kwa neno moja. Nikamtazama, naye akatazama chini. Nilimkasirikia kuliko nilivyomkasirikia binamu. Shamba linakwenda, na yeye kimya!

Khocha huyo, mjomba wake, bado yu hai. Ni kitinda mimba katika ndugu za Nyanya, na anamzidi Baba umri kidogo tu. Kutwa nzima alikuwa amekaa karibu na ghala la mahindi bila kumtetea Baba, nami nilidhani wamekwisha kumpanga upande wao. Akainuka kwa taabu.

Kwetu Bungoma, mwanamume aliyeogopa kisu huchekwa mpaka kaburini, na watoto wake nao huchekwa. Ni mambo ambayo mimi, mwanamke, singepaswa kuyasikia, sembuse kuyaandika. Naandika.

"Hakikuwa kiburi," mzee alisema. "Ngariba alikuwa amefika mbele yangu. Magoti yangu yalikuwa yanatetemeka. Huyu aliyaona kabla watu hawajayaona, ndiyo akaitisha kisu, macho yote yakamgeukia. Aliniokoa. Nikaacha atukanwe miaka hii yote."

Hakuna aliyecheka.

Baba akagonga fimbo chini. Sijawahi kumsikia akipaza sauti namna ile.

"Uongo! Khocha hakutetemeka. Mimi nilikuwa hapo."