Jino Lililopakwa Mafuta

Mpaka leo nikipita Mtawanya, hapa Kibiti, na kuona wanawake watatu wamesimama pamoja, nahisi wananicheka, na pengine kweli wananicheka, maana aibu niliyoipata haikuhitaji gazeti ili ienee.

Ilikuwa miaka ile biashara ilipofunguliwa na vitu vya Dubai vikajaa Kariakoo, nami nikarudi Kibiti na mashine ya ruta, ya kwanza mjini (hivyo ndivyo nilivyojitangaza, sikufanya uchunguzi). Unaishika kwa mikono miwili, inazungusha jino la chuma na kuchonga nakshi kwenye ubao. Jirani yangu Fundi Mbwana, mtu wa patasi na nyundo, aliitazama akasema, "Hiyo kelele zake zinazidi kazi."

Alhamisi moja nilikuwa namalizia kitanda cha mninga cha bibi harusi. Kilitakiwa kifike kwa mume kabla ya magharibi, kwani mwali angeingizwa usiku huo, na saa nane wanawake wa kwao wakaja na ngoma kukichukua, mbele yao shangazi yake, Bi Zuhura. Ilibaki nakshi ya ubao wa kichwani tu. Ningewaambia wakapumzike kwanza kwa jirani. Wapi! Nikataka waone.

Nikawasha jenereta, nikatoa jino jipya kwenye kopo. Huku kwetu hewa ya chumvi ya delta inakula chuma, kwa hiyo kila fundi hupaka vifaa vyake mafuta ya nazi, nami jino lile nililipaka mpaka kwenye shina, pale panaposhikwa na mashine. Sikulifuta. Nikalichomeka nusu tu ili lichimbe zaidi, nikakaza mara moja kwa spana, haraka haraka, maana wanawake walishaanza kuimba kuhusu mafundi wazembe.

"Fundi, jua hilo linakwenda!"

"Dakika mbili, shangazi!"

Shibiri ya kwanza ilitoka safi, vigelegele vikapigwa, nami (Mungu anisamehe) nikageuka kuwatazama. Kumbe shina linateleza kidogo kidogo na jino linashuka, ua nililokuwa nalichonga likawa mfereji, mfereji ukawa shimo, mashine ikaruka, jino likachomoka likapita karibu na sikio langu na kugota kwenye nguzo, nami nikakimbia bila kujua nakimbilia wapi, hadi niliposikia sauti juu ya kichwa changu:

"Fundi, niachie kanga yangu!"

Nilikuwa nimechuchumaa nyuma ya Bi Zuhura.

Mbwana akaja kuzima jenereta, akaliokota jino, akalipapasa. "Umepaka mafuta mpaka pa kushikwa?" Wanawake walicheka hadi wakakaa chini. Bi Zuhura hakucheka, alitazama jua, kisha ubao.

"Shimo limetokea upande wa pili?"

"Halijatokea, shangazi."

"Basi geuza ubao. Uzuri wako utazame ukuta."

Kitanda kikabebwa hivyo, na wimbo mpya wenye jina langu ndani yake.

Tangu siku hiyo nachomoa waya kwanza, nafuta shina kwa kitambaa kikavu, nalisukuma jino mpaka mwisho kisha nalirudisha nyuma kidogo, nakaza kwa spana mbili, na anayetaka kutazama namfungia mlango. Mume wa yule mwali kila tukikutana huniuliza lini nitakwenda kumchongea upande ule unaoonekana. Namwambia wiki ijayo, na siendi.