Protini Chanya ya Mume Wangu

Mume wangu ni katekista huko Nkololo. Havuti, hanywi, na kwa miaka mingi aliwasema wanaovuta na kunywa kila alipopata nafasi. Basi uvimbe ulipomtoka shingoni na kumeza ugali kukawa vita, waliotangulia kuja kumpa pole ni wale wa kilabuni, wote wazima wa afya.

Bariadi alitibiwa tonsi, mara mbili. Uvimbe haukupungua, tukapewa rufaa kwenda Mwanza. Huko wakamkata kinyama kidogo kooni, kikapelekwa maabara. Majibu yalipotoka, daktari, binti mdogo kuliko mtoto wetu wa kwanza, alituita ndani.

"Ni saratani," alisema. "Ila tumepima protini moja inaitwa p16, na imetoka chanya. Hiyo ni nafuu kwenu."

Shemeji yangu aliyetusindikiza alisikia neno chanya tu. Kwetu neno hilo lina maana moja. Akatoka nje na simu yake, na kabla sisi hatujainuka kwenye viti, Nkololo nzima ilikuwa inajua kaka yake ameathirika.

"Nafuu kivipi?" niliuliza.

"Protini hii ikijaa kwenye uvimbe wa sehemu hii ya koo, mara nyingi saratani imeletwa na kirusi, siyo sigara. Na aina hii kwa kawaida huitikia mionzi vizuri zaidi."

"Hicho kirusi kinapatikanaje?"

Daktari akaangalia karatasi yake. "Mara nyingi kwa kujamiiana, mama. Wengi wetu hukipata, mwili ukakiondoa. Kwa wachache hukaa kimya miaka na miaka. Hakuna anayeweza kujua ni lini, wala kwa nani."

Mume wangu, ambaye kuongea kulikuwa kunamuuma, alipata sauti.

"Nilibatizwa ukubwani," alisema.

Nilicheka mpaka daktari akaniletea maji. Kisha nikalia.

Mionzi ilimchosha. Mate yalikauka, akaishi kwa uji na supu ya sato, suruali zikamvuka. Lakini uvimbe uliyeyuka, na vipimo vya baadaye vikaonyesha koo safi. Tuliporudi, akina mama wa jumuiya walileta kuku. Mmoja akaninong'oneza, "Mayu, mama yangu, na wewe umeshaanza dawa?" Nikamwambia nimepima, sina kitu. Akanishika mkono kwa huruma. "Usikate tamaa. Wengine huchelewa kuonekana."

Mwaka huo wauguzi walikuja shuleni kuwachanja mabinti dhidi ya kirusi hicho hicho. Wazazi wakasitasita, na padri akamwomba mume wangu azungumze baada ya misa. Akasimama, sauti ikikwaruza kama redio isiyoshika stesheni, akaeleza vizuri saratani, protini na mionzi. Mzee mmoja akauliza kirusi chenyewe kinaingiaje mwilini.

Mume wangu akakohoa.

"Hilo," alisema, "atawaeleza mama."

Kanisa zima likanigeukia. Nikasimama, nikawaeleza.